Roboti za Mirihi na hali ya hewa ya huko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila picha mpya kutoka Mirihi inapoanza kuzunguka kwenye simu, maswali hurudi yaleyale. Tumeyakusanya hapa na kuyajibu. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine ni ya mistari miwili mitatu. Msomaji atagundua kwamba tunarudi sana kwenye vumbi. Ni makusudi. Karibu roboti zote za Mirihi zilizotegemea umeme wa jua zilimalizwa na vumbi, au na baridi, au na vyote viwili, hivyo asiyeijua hali ya hewa ya huko hawezi kuzielewa roboti zenyewe.

Kwa nini Mirihi? Zuhura si ndiyo iko karibu zaidi?

Iko karibu zaidi, lakini haikaliki hata na chuma. Uso wa Zuhura una joto linalozidi nyuzi 460 za Selsiasi, na mgandamizo wa hewa yake ni mara 90 hivi ya wa kwetu. Chombo cha Kisovieti, Venera 13, kilitua huko tarehe 1 Machi 1982 kikadumu dakika 127. Watu walishangilia, maana kilikuwa kimetengenezwa kidumu nusu saa tu. Mirihi ni baridi na kavu na hewa yake ni haba, ila mashine iliyoundwa vizuri huweza kuishi miaka. Roboti ya Marekani iitwayo Opportunity iliishi zaidi ya miaka 14.

Sasa hivi kuna roboti ngapi zinazofanya kazi huko?

Zinazotembea ni mbili, zote za NASA. Curiosity ilitua tarehe 6 Agosti 2012 ndani ya kreta ya Gale, na tangu hapo inapanda taratibu mlima ulio katikati ya kreta hiyo. Kwa bahati tu, Gale iko nyuzi 4.6 kusini mwa ikweta ya Mirihi. Ingekuwa Duniani ingeangukia kati ya Mombasa na Tanga. Ya pili ni Perseverance, iliyotua tarehe 18 Februari 2021 katika kreta ya Jezero, mahali ambapo zamani sana mto ulimwaga maji yake ziwani. Ina ukubwa wa gari dogo na uzito wa kilo 1,025.

Waliotangulia ni wengi. Sojourner ya mwaka 1997 ilikuwa na kilo kumi na ushei. Spirit na Opportunity zilitua Januari 2004. China ilitua na Zhurong Mei 2021. Kuna pia vyombo vilivyotua vikabaki palepale: Viking mbili za mwaka 1976, Phoenix ya 2008 na InSight ya 2018. Kabla ya vyote hivyo kulikuwa na Mars 3 ya Wasovieti, iliyoshuka tarehe 2 Desemba 1971 katikati ya dhoruba kubwa ya vumbi na kunyamaza baada ya kutuma mawimbi kwa muda usiofika hata nusu dakika.

Siku ya kawaida huko hali ya hewa ikoje?

Tuchukue Gale. Siku ya Mirihi, ambayo wataalamu huiita soli, ina saa 24 na dakika 39 na ushei, kwa hiyo mpangilio wa asubuhi, mchana na usiku hauko mbali na wetu. Mchana hewa mara nyingi huwa kati ya nyuzi 20 chini ya sifuri na sifuri penyewe, na siku nzuri hupanda juu ya hapo kidogo. Jua likizama, joto linaporomoka. Usiku wa nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri ni wa kawaida, na hapo tuko karibu na ikweta. Kwenye ncha za sayari huteremka chini ya 120.

Sababu ni hewa yenyewe. Ni hewa ya ukaa kwa asilimia 95, na ni haba mno. Barometa ya Dar es Salaam husoma hektopaskali 1,010 hivi; ile ya Gale husoma kati ya 7 na 9 na kitu. Hewa haba kiasi hicho haina uwezo wa kushika joto na kulitunza hadi asubuhi. Ndiyo maana hata mchana joto linang'ang'ania ardhini: ukisimama hapo adhuhuri, miguu yako ingekuwa kwenye vuguvugu na kichwa chako kwenye baridi ya kugandisha, tofauti ya nyuzi nyingi ndani ya urefu wa mtu mmoja. Vipimajoto vya Perseverance vimewekwa kwenye vimo tofauti ili kuipima tofauti hiyo.

Mawingu yapo, mepesi, ya chembe za barafu. Umande unaoganda upo. Na karibu kila adhuhuri hupita chamchela za vumbi, baadhi fupi kama mti, nyingine zinazopanda kilomita kadhaa.

Majira yapo?

Yapo. Mirihi imeinama kwa nyuzi 25, karibu sawa na Dunia, ila mwaka wake ni siku zetu 687, kwa hiyo kila majira huchukua karibu mara mbili ya yetu. Tena njia yake ya kulizunguka Jua si duara zuri. Inalikaribia Jua zaidi wakati kusini ni majira ya joto, na hapo ndipo msimu wa vumbi unapoanza.

Jambo lililowashangaza watu wa Viking miaka ya 1970 lilikuwa barometa. Kila mwaka mgandamizo ulipanda na kushuka kwa robo nzima na zaidi. Kumbe wakati wa baridi hewa yenyewe huganda kwenye ncha ya sayari, ikatanda chini kuwa barafu kavu, kisha joto likirudi inayeyuka moja kwa moja kuwa hewa tena. Yaani sehemu kubwa ya angahewa hulala chini msimu mzima. Kwetu hakuna mfano wake.

Mvua hunyesha?

Hapana. Kwa mgandamizo mdogo hivyo, maji hayakai majimaji: ama yanaganda, ama yanachemka yakapotea. Theluji ipo. Phoenix, iliyotua karibu na ncha ya kaskazini tarehe 25 Mei 2008, ilimulika angani kwa leza ya Kikanada ikaona chembe za barafu ya maji zikishuka kutoka mawinguni, nyingi zikitoweka kabla ya kugusa ardhi. Phoenix hiyohiyo ilikwangua udongo kwa mkono wake ikafichua vipande vyeupe, na baada ya siku chache vipande hivyo havikuwapo tena. Chumvi haitoweki hivyo, kwa hiyo ilikuwa barafu.

Zamani mambo yalikuwa tofauti kabisa. Jezero ina delta ya mto inayoonekana hata kwa picha za setilaiti, na matabaka ya matope ya Gale yalijengwa chini ya ziwa.

Upepo wa huko unaweza kuipindua roboti?

Hauwezi. Upepo mkali wa Mirihi hufika kilomita 100 kwa saa hivi, kasi ambayo kwetu ingeng'oa mabati, lakini hewa yake ina uzito wa asilimia moja au mbili tu ya hewa yetu, kwa hiyo msukumo wake ni wa upepo mwanana. Filamu zinazoonyesha dhoruba ikiangusha roketi zimetia chumvi.

Hata hivyo upepo huo una vijambia vyake. Curiosity ilipotua, sehemu ya kipimaupepo chake ilikutwa imeharibika, na inadhaniwa ni vijiwe vilivyorushwa na moto wa injini za kutulia. Mwanzoni mwa 2022 kipimaupepo cha Perseverance nacho kiliumizwa na changarawe zilizobebwa na upepo wenyewe wa Mirihi.

Dhoruba za vumbi hutokeaje, na zina ubaya gani?

Hapa ndipo penye mambo. Vumbi la Mirihi ni laini kuliko unga wa muhogo uliopepetwa. Likishainuka halishuki upesi, maana hakuna mvua ya kulisafisha. Jua linapolipiga likiwa angani, vumbi linapata joto, linaipasha hewa, hewa inapanda, upepo unaongezeka, na vumbi jingine linainuka. Moto unajichochea wenyewe. Dhoruba ndogo hutokea kila mwaka. Mara moja katika miaka yao mitatu hivi, ambayo ni mitano na nusu ya kwetu, dhoruba kadhaa huungana na kuifunika sayari nzima. Mariner 9 ilipowasili Novemba 1971 ikiwa chombo cha kwanza kuizunguka sayari nyingine, ilikuta haionekani kitu ila vilele vya volkano chache vikichungulia juu ya utando wa vumbi. Ilibidi isubiri.

Dhoruba kama hizo zilikuja tena 2001, 2007 na 2018, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyoondoka na Opportunity. Setilaiti iliiona ikianza mwishoni mwa Mei 2018. Wataalamu hupima giza la vumbi kwa namba: siku safi huwa chini ya moja, na Opportunity ilikuwa imewahi kuvumilia tano na nusu mwaka 2007. Tarehe 10 Juni 2018 ilituma kipimo cha 10.8, pamoja na taarifa kwamba paneli zake zimezalisha wati-saa 22 tu siku hiyo nzima. Siku njema ilikuwa ikipata mamia. Baada ya hapo, kimya. Upande wa pili wa sayari Curiosity iliendelea kupiga picha za anga lililogeuka kahawia, kwa sababu umeme wake hautoki kwenye jua.

Wahandisi waliita kwa miezi, zaidi ya amri elfu moja. Walitumaini upepo wa Novemba na kuendelea ungepangusa paneli. Tarehe 13 Februari 2019 NASA ilitangaza kwamba kazi imekwisha. Roboti iliyotumwa kwa siku 90 ilikuwa imetembea kilomita 45.16, masafa ambayo wakati huo hakuna gari jingine lilikuwa limefikia nje ya Dunia.

Ni kweli maneno yake ya mwisho yalikuwa "betri yangu inaisha na giza linaingia"?

Hapana. Ilituma namba, zile tulizozitaja hapo juu. Mwandishi wa habari mmoja wa Marekani alizifasiri hivyo kwa lugha ya binadamu baada ya kuzungumza na wanasayansi, na sentensi ikaenda duniani kote kana kwamba roboti yenyewe ndiyo iliyoandika. Kwa maana haikukosea, ila roboti haikuisema.

Kwa nini wasiweke waipa ya kupangusa paneli?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi muulizaji anakuwa ameshakasirika. Jibu la wahandisi ni uzito na ulazima. Waipa inataka mota, mota inataka umeme na waya, waya unataka kulindwa na baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila gramu inayoongezwa hapo inaondolewa kwenye chombo cha kisayansi. Vumbi lenyewe lina umemetuli, linang'ang'ania, na kulisugua kwenye kioo ni kukikwaruza. Ni nafuu kuweka paneli kubwa zaidi na kukubali kwamba kazi itakuwa ya muda uliopangwa.

Isitoshe, wakati mwingine Mirihi husafisha bure. Machi 2005 chamchela ziliipitia Spirit na kesho yake umeme ulikuwa umepanda ghafla. InSight haikuwa na bahati hiyo. Ilitua Novemba 2018 ikiwa na paneli mbili za duara, kila moja ikiwa na upana wa mita mbili na kitu, na mwanzoni zilizalisha wati-saa 5,000 kwa siku. Vifaa vyake vilinasa vimbunga vidogo vikipita jirani, hakuna hata kimoja kilichosafisha.

Mwaka 2021 wakajaribu jambo ambalo ukilisikia unadhani ni mzaha: kuondoa vumbi kwa kumwaga mchanga. Mkono wa InSight ulichota mchanga ukaumimina pembeni ya paneli, upande upepo unakotoka, wakati wa adhuhuri upepo ukiwa na nguvu. Chembe kubwa za mchanga zilirukaruka juu ya paneli zikibeba vumbi laini na kuondoka nalo. Mara ya kwanza waliongeza wati-saa 30 hivi kwa siku. Ni kidogo, lakini kwa mgonjwa wa njaa kijiko kimoja cha uji si haba. Walirudia mara kadhaa. Hadi Mei 2022 uzalishaji ulikuwa umebaki wati-saa 500 tu, na Desemba mwaka huo InSight ikanyamaza. Lakini Mei hiyohiyo, ikiwa imechoka, ilinasa tetemeko la kipimo cha 4.7, kubwa kuliko yote iliyoyarekodi kati ya zaidi ya 1,300.

Zhurong ya China nayo ililazwa Mei 2022 ipite majira ya baridi, ikitarajiwa kuamka Desemba. Haikuamka. Vumbi tena.

Basi Curiosity na Perseverance zinapata wapi umeme?

Zina betri ya nyuklia: kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu zinazotoa joto zenyewe, na joto hilo linageuzwa kuwa umeme. Kwa Perseverance ni wati 110 hivi mwanzoni, kiasi cha balbu mbili za zamani. Umeme huo huhifadhiwa kwenye betri za kawaida, na roboti huupanga kama mtu anayepanga mshahara: leo kutoboa mwamba, kesho kupumzika. Joto linalobaki hupasha tumbo la mashine usiku. Nguvu hupungua kidogo kila mwaka, polepole na kwa kiasi kinachojulikana, jambo ambalo vumbi halikubali kukuahidi.

Nani anaiendesha? Kuna mtu ameshika usukani?

Hakuna. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika, kutegemea sayari mbili ziko wapi. Ukikanyaga breki kutoka California, waliko wahandisi, gari litakuwa limeshatumbukia shimoni zamani. Kinachofanyika ni hivi: roboti ikimaliza siku yake inapakia picha na vipimo kwenye setilaiti inayopita juu yake, mara nyingi MRO au TGO ya Wazungu wa Ulaya, na setilaiti inavituma Duniani kwenye antena kubwa za Goldstone, Madrid au Canberra. Timu inavichambua roboti ikiwa usingizini, inabishana nini kifanyike, inaandika amri za siku nzima na kuzituma alfajiri ya Mirihi. Kwa kuwa soli inazidi siku yetu kwa dakika 39, miezi ya mwanzo wafanyakazi huishi kwa saa ya Mirihi: wiki hii wanaingia kazini asubuhi, wiki zijazo saa nane usiku. Familia zao zinajua taabu yake.

Perseverance inaweza pia kujichagulia njia yenyewe, ikipiga picha na kukwepa mawe huku ikitembea. Juni 2025 ilitembea mita 411 kwa siku moja, na hiyo ilikuwa rekodi yake hadi wakati huo. Kasi yake ya juu haifiki hata mita 160 kwa saa.

Kila baada ya miaka miwili hivi Jua huingia katikati ya Dunia na Mirihi, na kwa wiki mbili hawatumi amri yoyote, maana amri ikifika imechakaa inaweza kuwa hatari kuliko kutofika.

Inatuaje bila kuvunjika?

Mara nyingine inavunjika. Chombo kinaingia angahewani kwa kasi ya karibu kilomita 19,500 kwa saa na kina dakika kama saba za kusimama. Hewa ni nzito vya kutosha kukichoma na ni nyepesi mno kukisimamisha. Kwa hiyo kwanza ngao ya joto, halafu parachuti ya mita 21.5, halafu injini, na kwa hizi roboti kubwa mbili, winchi angani iliyozishusha kwa kamba na kuruka kwenda kuanguka mbali. Yote hayo roboti huyafanya peke yake. Habari inapofika Duniani mambo yameshaamuliwa.

Schiaparelli ya Ulaya ilianguka tarehe 19 Oktoba 2016 kwa sababu kipimo kimoja kilizidiwa na kompyuta ikaamini kwamba imeshafika ardhini, ilhali ilikuwa kilomita kadhaa juu. Ikaachia parachuti. Na yupo Mars Climate Orbiter, aliyetumwa mahsusi kuchunguza hali ya hewa, akapotea Septemba 1999 kwa sababu timu moja ilihesabu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine kwa vya metriki. Kila mwalimu wa fizikia anayewaambia wanafunzi waandike vizio vyao angepaswa kuwa na picha ya chombo hicho ukutani.

Helikopta ilirukaje kwenye hewa haba hivyo?

Kwa kuwa nyepesi na kuzungusha mapanga kwa kasi. Ingenuity, helikopta ndogo iliyofika pamoja na Perseverance, ilikuwa na kilo 1.8 na mapanga ya mita 1.2, yaliyozunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika. Tarehe 19 Aprili 2021 ilipanda mita 3 ikakaa angani sekunde 39. Ilipangiwa safari 5, ikafanya 72. Haikumalizwa na upepo. Mnamo Januari 2024 ilikuwa juu ya mchanga laini usio na mawe, na kwa kuwa ilijua mwendo wake kwa kutazama alama za ardhini, haikuwa na cha kushika. Ikatua vibaya, mapanga yakavunjika.

Kuna sauti? Zile video za WhatsApp ni za kweli?

Nyingi ni picha halisi zilizobandikwa sauti ya upepo wa kwetu. Sauti halisi ipo, ya maikrofoni za Perseverance: upepo, magurudumu yakikwaruza, leza ikipiga mwamba, na Septemba 2021 chamchela iliyopita moja kwa moja juu ya roboti, vumbi likisikika likipiga chuma. Sauti husafiri polepole kuliko kwetu, mita 240 hivi kwa sekunde. Lililowafurahisha wataalamu ni kwamba sauti nyembamba hutangulia zile nzito kwa mita 10 kwa sekunde. Taarabu ingepigwa mbali kidogo huko, fidla ingekufikia kabla ya besi.

Machweo ni ya buluu kweli?

Kweli. Mchana anga ni la rangi ya kahawia iliyopauka, na Jua likizama, vumbi laini hupitisha mwanga wa buluu vizuri zaidi kuelekea kwako. Kinyume cha kwetu kabisa. Picha nyingine hurekebishwa rangi ili wanajiolojia wayaone mawe kana kwamba yako Duniani. Maelezo ya picha kwa kawaida husema.

Wamepata uhai?

Bado. Viking zilifanya majaribio mwaka 1976, moja likatoa jibu lililofanana na la uhai, lakini udongo haukuonyesha kemia iliyotarajiwa na wengi wakaliweka kando. Ushahidi unaozungumzwa zaidi sasa ni mwamba ambao Perseverance iliuchunguza Julai 2024 katika bonde la mto wa kale lililoingia Jezero, wenye madoadoa kama ya chui. Kwetu madoa ya aina hiyo mara nyingi huhusishwa na vijidudu. Utafiti uliochapishwa Septemba 2025 unasema inawezekana, na kwamba kemia isiyo na uhai nayo inawezekana. Sampuli ya mwamba huo imefungwa kwenye bomba la chuma, iko hukohuko. Mpango wa kuzileta sampuli ulipokadiriwa kufika dola bilioni 11, ulikwama. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo hasara kubwa ya uchunguzi wa Mirihi kwa sasa: jibu limeshachotwa na hakuna wa kulibeba.

Kwani hatuna mawe ya Mirihi tayari?

Tunayo, yaliyorushwa na vimondo vilivyoipiga Mirihi, yakaelea na kuangukia huku. Yanajulikanaje? Viking zilipima mchanganyiko wa gesi za angahewa la Mirihi, na miaka michache baadaye gesi zilizonaswa ndani ya kimondo kimoja kilichookotwa Antaktika zilikutwa zinalingana nao. Kipimo cha hali ya hewa ndicho kilichowapa mawe hayo kitambulisho.

Moja lilipatikana Oman mwaka 1999, jangwani Sayh al Uhaymir. Kipande chake kimefungwa kwenye Perseverance ili vifaa vyake vijipime kwacho. Kimerudi kwao, kikipitia Oman.

Nchi za Kiarabu zina mchango gani?

Umoja wa Falme za Kiarabu ulipeleka chombo cha Al-Amal, kilichoanza kuizunguka Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Hakitui. Njia yake ni ya mbali, kati ya kilomita 20,000 na 43,000 hivi, ili kione hali ya hewa ya sayari nzima katika saa zote za siku. Roboti ya ardhini inajua hali ya hewa ya uwanja wake tu. Anayetazama kutoka juu ndiye anayeona dhoruba inatokea wapi.

Pesa zote hizo ni za nini, huku Duniani kuna shida?

Swali ni la haki. Perseverance iligharimu karibu dola bilioni 2.7, zilizotumika kwa zaidi ya miaka kumi. Hatutasema zingemshibisha nani au zisingemshibisha. Tutasema tu kwamba fizikia ya upepo na joto ni moja, na mtu anayetengeneza programu ya kutabiri hewa akiijaribu kwenye sayari isiyo na bahari, anaona wapi alikuwa akibahatisha.

Ile habari ya kila Agosti 27, kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi?

Ni uzushi. Ulianza na tukio la kweli la mwaka 2003, Mirihi ilipokaribia kuliko wakati wowote kwa karibu miaka 60,000. Hata siku hiyo ilionekana kama nyota ing'aayo, basi.

Naweza kuiona lini vizuri?

Tarehe 19 Februari 2027 Dunia itapita kati ya Jua na Mirihi. Majuma kadhaa kabla na baada ya hapo, itachomoza mashariki karibu na wakati Jua linapozama, na usiku wa manane kwa aliye Nairobi, Zanzibar au Bujumbura itakuwa kaskazini kidogo ya utosi, katika kundinyota la Simba. Haihitaji darubini: tafuta nukta ya rangi ya chungwa isiyometameta. Mara hiyo itakuwa umbali wa kilomita milioni 101 hivi, si karibu sana. Anayetaka ya karibu kabisa asubiri Septemba 2035, itakapofika kilomita milioni 57.